Faulo Isiyo na Mwenyewe

Mwaka ule Chuo cha Sletten kilipofuzu mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu, pointi mbili za kwanza walizopata wapinzani wetu niliwapa mimi. Sikugusa mpira. Nilikuwa nimekaa mezani, miwani puani na penseli mkononi, mwanamke wa miaka hamsini na minane, na mechi yenyewe ilikuwa haijaanza.

Niseme mapema mimi ni nani, kwa kuwa huko tulikokwenda hakuna aliyejisumbua kuuliza. Naitwa Marlys Tollerud. Siku za kazi nilikuwa karani wa usajili pale Sletten, Dakota Kaskazini, chuo chenye wanafunzi elfu moja na mia nane na upepo usiojua kupumzika. Siku za mechi nilikuwa mwandishi wa timu ya wasichana. Kila kikapu, kila faulo, kila mara kocha alipoomba mapumziko, vyote viliingia katika kitabu changu. Kazi hiyo niliifanya miaka ishirini na miwili. Nilianza wakati wasichana wetu wakivaa jezi walizoshonewa na mama zao, na watazamaji ni hao hao mama.

Mezani hukaa waandishi wawili. Yuko wa mwenyeji, ambaye kitabu chake ndicho rasmi, na yuko wa mgeni, ambaye kazi yake ni kumchunga mwenzake. Vitabu vikipishana, kinachofuatwa ni cha mwenyeji. Sheria hiyo niliijua kama ninavyoijua njia ya kwenda chooni umeme ukikatika.

Sasa, habari ya jezi. Vyuo vikubwa vina jezi mpaka za mazoezi ya mazoezi. Sisi tulikuwa na seti mbili tu: nyeupe za nyumbani na kijani za safari. Mfungaji wetu mkuu, Kari Brekkestad, binti wa mkulima wa viazisukari, alikuwa namba ishirini na nne. Lakini mwezi Januari jezi yake ya kijani iliungua mgongoni katika mashine ya kukaushia nguo ya hoteli moja ya barabarani. Chuo kikubwa kingeshona nyingine jioni ile ile. Sisi tulifungua kabati, tukatoa jezi kuukuu ya kijani namba arobaini na mbili, tukasema itatosha mpaka mwakani. Kwa hiyo Kari akawa na namba mbili: nyumbani ishirini na nne, safarini arobaini na mbili. Msimu mzima nilikumbuka.

Fainali ya ukanda wetu tulicheza nyumbani, kwa nyeupe, tukashinda. Wiki moja baadaye tukapanda ndege mbili na basi moja hadi kusini, kwenye Chuo Kikuu cha Brannock. Siku hizo, mwaka tisini na tano, timu iliyopangwa juu ndiyo iliyokaribisha mechi za mwanzo za wasichana katika ukumbi wake. Brannock walipangwa wa nne, sisi wa kumi na tatu. Ukumbi wao ulikuwa na viti elfu tisa, na Jumamosi ile mchana vilijaa watu waliovaa nyekundu kuanzia kofia hadi soksi. Nami, kwa msisimko na kwa kukosa usingizi, niliketi kunakili orodha ya wachezaji kutoka ukurasa wa mechi iliyopita.

Nadhani umeshaelewa.

Mwandishi wa Brannock alikuwa mfamasia mstaafu, Purvis Odom, tai yake ndogo nyekundu shingoni, ulimi wake mtamu kama sharubati. Alinipokea vizuri. Alikuwa na bakuli la karanga za kuchemsha, akalisogeza katikati yetu, akaniita dada yake. Nikampa orodha, akainakili kitabuni. Zikibaki dakika kumi mechi ianze, orodha hufungwa, na ukitaka kubadilisha chochote baada ya hapo, unaadhibiwa.

Wachezaji wakasimama katikati ya uwanja. Purvis akaangalia, akaangalia tena, akaniegemea.

"Dada yangu, huyu arobaini na mbili katoka wapi? Mmemwokota njiani?"

Damu ikanishuka mpaka kwenye viatu. Orodhani nilikuwa nimemwandika Kari ishirini na nne, namba yake ya nyumbani. Purvis alinyoosha mkono kumwita refa. Simlaumu, ndiyo kazi yake, nami ningefanya vivyo hivyo. Refa mkuu, mama mrefu mwenye mvi aliyeitwa Hatcher, akasoma kitabu, akatazama mgongo wa Kari, akaweka mikono yake kama herufi T. Faulo ya kiufundi. Mitupo miwili kwa Brannock, na mpira bado uko mkononi mwa refa.

Mchezaji wao akatupa yote miwili, akaingiza yote miwili. Ubao ukawaka: mbili kwa bila. Watu elfu tisa wakacheka kwa pamoja. Nyuma yangu, safu ya pili, palikuwa na mwanamume mmoja mwenye kofia kubwa ya sponji kichwani, akapaza sauti: "Mama, asante! Tuongezee nyingine basi!"

Nilichukua kitabu changu, nikaenda kwenye benchi letu. Kocha wetu Gail Sundby alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Pale chuoni alifundisha pia kuogelea, na alikuwa na funguo za ukumbi kwa sababu yeye ndiye aliyeufagia.

"Mpe mwingine hiki kitabu," nikamwambia. "Mimi basi."

"Nimpe nani? Tumekuja watu kumi na sita, na mmoja ni dereva."

"Gail, nimewatia hasara wasichana kabla hata hawajatoa jasho."

"Kuteleza si kuanguka, Bi Marlys. Hebu nenda ukakae."

Kari alipita karibu, akanibusu utosini kama mimi ndiye mtoto. "Usijali, Bi Marlys. Nitazirudisha," akasema. Hapo ndipo nilipotamani sakafu inimeze. Ningevumilia zaidi kama angenitukana.

Nikaenda nikakaa. Na nikiwa nimekaa nilijua jambo moja tu. Tukifungwa pointi ishirini, hakuna atakayekumbuka makosa yangu. Lakini tukifungwa kwa moja, au kwa mbili, wasichana hawa wangezeeka wakijua ni nani aliyewafunga. Wanne kati yao walikuwa mwaka wa mwisho. Kwa timu kama yetu, nafasi ile haiji mara mbili.

Kila mtu pale alitarajia tufungwe ishirini. Gazeti la mji lilikuwa limeshaandika mechi ya Jumatatu, Brannock atacheza na nani. Basi wasichana wetu wakaingia uwanjani wakacheza kama watu waliotukaniwa mama. Hawakuwa warefu. Hawakuwa na kasi. Lakini huko kwetu majira ya baridi ni miezi sita na hakuna pa kwenda isipokuwa ukumbini, na mtoto anayetupa mpira kikapuni miezi sita kila mwaka tangu ana miaka minane, siku moja atakuwa haoni ajabu kuuingiza. Pasi, pasi, pasi, halafu Kari akiwa peke yake pembeni. Pasi tena, Kari tena. Kipindi cha kwanza kiliisha Brannock thelathini na tatu, sisi ishirini na tisa, na kicheko ukumbini kilikuwa kimepungua.

Aliyewaweka mbele alikuwa mchezaji mmoja, Latrice Womble, namba thelathini na tatu. Alikuwa na urefu wa karibu mita mbili, na mikono iliyofika mahali ambapo wengine hufika kwa ngazi. Sina neno baya juu yake. Alicheza kwa heshima, na alipomwangusha msichana wetu alimpa mkono amwinue. Ila alipokuwa chini ya kikapu, hatukuwa na dawa.

Purvis alikuwa mcheshi, na ucheshi wake ulizidi kadiri timu yake ilivyozidi kubanwa.

"Dada, huko kwenu nyote wajukuu wa Wanorwe; namba nazo mnahesabu kwa Kinorwe, au?"

Nikachonga penseli.

"Kula karanga basi. Au mpaka uandikiwe na mtu?"

Nikanyamaza. Mimi, ambaye hapo nyumbani mume wangu Ardell husema nikifunga mdomo kuku hushtuka. Aibu ilikuwa imenikalia. Kila nilipotaka kumjibu niliona ule ubao, mbili kwa bila, nikarudi kitabuni kwangu.

Kipindi cha pili kikaendelea. Zikiwa zimebaki dakika kumi na moja na sekunde arobaini na mbili, Purvis alinigeukia kabisa, mgongo wake ukielekea upande wa kulia wa uwanja, kitabu chake kwenye paja.

"Unajua, dada, mke wangu anaandika orodha ya sokoni vizuri kuliko wewe unavyoandika majina ya wachezaji. Yeye akiandika vitunguu, huwa ni vitunguu!"

Akaicheka mwenyewe mpaka akapaliwa na karanga. Wakati huo huo filimbi ikalia. Latrice alikuwa amemgonga kiwiko Annika Dahl, mdogo wetu wa kupeleka mpira. Refa wa tatu, kijana, akaja mbele ya meza akaonyesha vidole, tatu na tatu. Kocha wao akaomba mapumziko pale pale, tarumbeta za bendi zikaanza, mtangazaji akaanza kusoma tangazo la duka la matairi. Mimi nikaandika: thelathini na tatu, faulo ya nne. Purvis, akiwa bado anakohoa, akapitisha penseli kwenye kitabu chake bila kukiangalia.

Mapumziko yalipoisha, Latrice akarudi uwanjani. Nikashangaa. Mchezaji mwenye faulo nne, na ya tano ndiyo ya kutolewa, humrudishi mapema hivyo; unamkalisha mpaka mwisho. Nikamtazama kocha wao, na nikadhani ni kiburi tu: huyu bwana anatuona sisi si chochote. Ilinipasa kumuuliza Purvis hapo hapo, vitabu vyetu vinakubaliana au la. Ndiyo kazi yenyewe ya mwandishi mgeni, hana nyingine. Lakini mtu aliyekosea namba ya mchezaji wake mwenyewe atamuuliza nani? Nikaimeza. Hilo nalo ni kosa langu, na nalisema wazi.

Tukawa tunafukuzana nao. Hamsini kwa arobaini na nane. Hamsini na tano kwa hamsini na tano. Watu wa nyekundu hawakuketi tena. Yule wa kofia ya sponji alikuwa ameivua na kuikumbatia. Zikabaki dakika mbili na sekunde kumi, Brannock sitini na moja, sisi sitini. Kari akapenya hadi chini ya kikapu, Latrice akapanda naye, mkono ukashuka juu ya mkono. Filimbi. Mitupo miwili kwa Kari.

Faulo, thelathini na tatu.

Purvis akainua vidole vinne kwa mtangazaji. "Ya nne," akasema.

"Ya tano," nikasema.

Ndilo neno la kwanza nililomwambia tangu mechi ianze, na lilitoka limekwaruza.

"Nne, dada yangu."

"Tano. Piga honi, huyu ametoka."

"Dada," akasema kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa, "leo si siku yako. Kitabu rasmi ni hiki. Nne."

Mtangazaji akatangaza nne. Kari akasogea kwenye mstari. Refa Hatcher alikuwa amekwisha kuushika mpira, na najua sheria: mpira ukishatupwa, jambo limepita, halirudi tena. Kitufe cha honi kilikuwa mbele ya mtunza saa, upande wa pili wa Purvis. Si changu. Mgeni hana ruhusa hata ya kukipulizia vumbi. Nikanyanyuka, nikajinyoosha juu ya mapaja ya Purvis Odom na bakuli lake la karanga, nikakibonyeza kwa kiganja chote, na sikukiachia.

Karanga zilimwagika mpaka uwanjani. Ukumbi ukalipuka. Sijawahi kuzomewa na watu elfu tisa kabla ya siku ile wala baada yake. Inaingia mwilini, kwenye meno. Na nikwambie ukweli, baada ya sekunde chache niliona si kitu. Aibu ilikuwa imenitesa zaidi kuliko kelele ile.

Refa Hatcher alikuja kwa hatua ndefu. "Nani kapiga honi?"

"Mimi."

"Wewe mgeni. Honi si yako."

"Najua."

"Unataka nini?"

"Thelathini na tatu ana faulo tano. Kitabu chao kina nne, na si sahihi."

"Kitabu chao ndicho rasmi, mama. Na wewe ndiye uliyekosea namba mchana huu huu." Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sababu ilikuwa kweli. "Kaa chini. Ukiendelea kusimamisha mchezo nitawapiga ya kiufundi nyingine. Umenielewa?"

Nilimwelewa sana. Mitupo miwili mingine kwa Brannock, dakika mbili kabla ya mwisho. Pointi mbili zangu zingekuwa nne. Kocha wao naye alikwisha kufika, uso umeiva, anapiga meza: "Mpige! Mpige sasa hivi! Huyu bibi hajui hata kuhesabu wachezaji wake!"

Gail akaja mbio. Hakumtazama refa wala yule kocha. Alinitazama mimi.

"Una hakika, Bi Marlys?"

Nilifikiria. Si kwa muda mrefu, lakini nilifikiria kweli, kwa sababu mtu aliyekosea mara moja anajua inavyokuwa: mtu huwa na hakika vile vile anapokuwa amekosea. Kisha nikaiona faulo ile tena. Kiwiko, Annika chini, vidole vya yule kijana, mkono wangu unaandika.

"Nina hakika."

"Basi usikae," Gail akasema.

Nikamgeukia refa. "Sikuombi ufuate kitabu changu. Nakuomba ujumlishe chake. Faulo za wachezaji wake, moja moja, halafu zile za timu pale chini. Kama zinalingana, nipige hiyo ya kiufundi na nitatoka nje kwa miguu yangu."

Katika kila kitabu faulo huandikwa mahali pawili, kwa jina la mchezaji na kwenye mstari wa timu. Hatcher akanitazama. Nadhani alichoka na kelele za yule kocha kuliko alivyochoka na mimi. Akakivuta kitabu cha Purvis, akaweka kidole.

"Nne," akasema, kwa Latrice. Kidole kikashuka. "Saba. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne." Kikaenda chini kwenye mstari wa timu. "Kipindi cha kwanza saba. Cha pili nane." Akakunja uso. Akaanza upya kutoka juu, polepole. Kumi na nne. Akainua macho kwenye ubao, ambao mwendeshaji wake ni mwingine kabisa: kipindi cha pili, faulo nane.

"Bwana Odom," akasema, "hapa kuna faulo moja haina mwenyewe."

Purvis akavuta kitabu, akahesabu mwenyewe, midomo ikichezacheza. Rangi ya uso wake ikafanana na ya tai.

"Itakuwa ya namba kumi na tano," kocha wao akadakia. "Mpe kumi na tano, tuendelee!"

"Ndiyo, huenda ni kumi na tano," Purvis akasema, lakini hakumtazama mtu.

"Kumi na tano hajaingia kipindi chote hiki cha pili," nikasema. "Mwone yule, amekaa na koti lake la mazoezi. Hata kiatu kimoja kakifungua."

Wote wakageuka. Msichana wa watu, mwishoni mwa benchi lao, akauficha mguu.

Hatcher akamwita yule refa kijana. Kijana akasema amepuliza faulo zaidi ya kumi mchana ule, hakumbuki ya nani ilikuwa ipi. Basi tukabaki wawili, mimi na Purvis, na kilichotutenganisha kilikuwa maganda ya karanga.

"Purvis," nikamwambia. Sikumwita bwana. "Kumi na moja arobaini na mbili. Ulikuwa umenigeukia. Ulikuwa unaniambia mkeo anaandika vitunguu vizuri kuliko mimi ninavyoandika wachezaji. Ukacheka mpaka ukapaliwa. Filimbi ikalia nyuma yako. Ukatia alama ya timu huku unakohoa, ya mchezaji hukuitia. Sasa mwambie huyu mama ilikuwa ya nani."

"Odom, usijibu upuuzi huo," kocha wao akasema.

Purvis akavua miwani. Akaifuta kwa ile tai. Nyuma yetu walikuwa wanaimba jina la Latrice, watu elfu tisa, na alikuwa akiwajua wengi wao. Nadhani nusu yao aliwahi kuwauzia dawa ya kikohozi. Angesema hakumbuki, ingekuwa imekwisha. Hakuna ambaye angemlaumu, na mimi ningebaki kichaa aliyebonyeza honi.

"Ilinichekesha kweli ile," akasema taratibu. "Ya vitunguu."

"Bwana Odom. Ya nani?"

"Tarumbeta zilianza, lakini nilimwona anamwinua yule mdogo kwa mkono. Latrice huwa anawainua." Akavaa miwani. "Ni yake. Ya thelathini na tatu."

Hatcher akapuliza filimbi, akaonyesha vidole, akaonyesha benchi. Kocha wao alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika, na karibu apate ya kiufundi yeye. Latrice Womble alitoka akilia, jezi mdomoni, na watu wakasimama kumshangilia na kunizomea kwa pumzi moja. Sikufurahi kumwona hivyo. Wala sikujuta. Alikuwa na faulo tano.

Mtu asidhani baada ya hapo tulipewa ushindi kwenye sahani. Brannock walikuwa na wachezaji wengine wanne waliowahi kuchaguliwa bora majimboni kwao, na aliyeingia badala ya Latrice hakuwa wa kubeza. Kari akaingiza yote miwili, tukatangulia. Wao wakafunga, sitini na tatu kwa sitini na mbili. Tukakosa, wakakosa, Annika akaunyakua mpira miguuni mwa msichana aliyempita kichwa kizima. Sekunde kumi na tisa. Pasi, pasi, pasi. Wote wakamkimbilia Kari pembeni, watatu kwa mmoja, naye akampa Annika chini ya kikapu, peke yake kabisa kama yuko ukumbini kwetu Jumapili. Sitini na nne.

Mwandishi haruhusiwi kushangilia. Niliandika mbili kwa Annika, kwa haraka hivi kwamba ile namba hata leo ukiiona utadhani ni bata. Brannock wakapiga mpira wa mwisho kutoka mbali. Ukagonga chuma, ukaruka juu, ukagonga chuma tena, ukaangukia nje. Honi ikalia, na safari hii aliyeipiga ni mwenyewe.

Wasichana wetu wakaangukiana katikati ya uwanja. Mimi nikavua miwani na kulia hadharani, kwa sauti, bila kitambaa. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nimejizuia.

Yule wa kofia ya sponji akaniinamia kutoka safu ya pili. "Mmeiba! Mmeshinda kwa pointi moja tu, tena ya mezani!"

"Tumeshinda kwa tatu," nikamjibu. "Mbili niliwapa mimi."

Kwa ndani mzigo wote ule ulinitoka, nikahisi njaa ghafla, maana sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Hatcher akaja kufunga kitabu rasmi. Akatuuliza kama vitabu vinakubaliana, tukajibu vinakubaliana. Purvis alikuwa amekwisha kuijaza ile faulo ya Latrice mahali pake, kwa mkono safi kabisa. Akanipa mkono, na alikuwa mwungwana katika hilo, nami nikaupokea.

"Miaka ishirini na sita nimekaa hapa," akasema. "Sijawahi kuandika tumefungwa na timu isiyojulikana."

Hapo ndipo macho yangu yalipoteremka kwenye ukurasa wake. Juu upande wa kushoto alikuwa ameandika Brannock kwa herufi kubwa, akaipigia mstari. Upande wetu, mahali pa jina la timu, aliandika neno moja tu: Wageni.

Nikaweka kidole hapo.

"Tuna jina," nikasema.

"Ah, dada, mechi imekwisha. Wote wanajua ni nyinyi."

"Umesema hatujulikani. Andika."

Akanitazama, akaona sitanii. Watu walikuwa wanatoka, wafagiaji wameanza kukusanya karanga zilizobaki chini ya meza, Gail ananiita kutoka mlangoni kwamba basi linasubiri. Purvis Odom akafuta lile neno, akapuliza vumbi la kifutio, akauliza jina linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja, nikasimama juu yake mpaka akamaliza ya mwisho.